Vipande Nilivyokata

Bodi imeniomba historia ya kampuni kwa ajili ya jubilei,
kurasa mbili, na picha za wakurugenzi kwa kufuata miaka.
Mimi ni mkata kanda. Ninachokijua ni kilichobaki sakafuni.

Najua kwamba Kanda za Emau zilianzia Ngamiani,
Barabara ya Kumi na Mbili, katika stoo iliyonuka mkonge,
na kuta tulizivisha magunia tabaka tatu
ili pikipiki zisiingie katika Kitabu cha Ruthu.
Ziliingia. Ruthu anaokota masazo ya shayiri,
na nyuma yake Honda ya muuza samaki inagoma kuwaka.

Yeremia Shekiondo, karani wa mizani shambani,
alinunua mtambo kwa kiinua mgongo chake chote,
na mkewe hakusema naye tangu Kwaresima hadi Pentekoste.
Kwenye kumbukumbu za vikao hamna hilo.
Limo kwenye kanda namba saba, upande wa pili:
mlango unafunguka, sahani inatua mezani kwa kishindo,
kisha Zaburi inaendelea kwa sauti ya mtu mwenye njaa.

Kila alasiri aliinua kidole kimoja
nasi tukanyamaza. Jirani, Mwalimu Mwinyimvua, anaadhini.
Hatukuwahi kugombana. Ramadhani ikiingia
alitugongea dirisha: "Magharibi imesogea dakika mbili,
mpangeni vizuri huyo Isaya wenu."

Halafu Damari Mhando.
Wazee wawili wa kanisa waliuliza kama mwanamke
aweza kuusoma Waraka kwa Warumi. Akawajibu
kwamba aliyeubeba mpaka Rumi alikuwa Fibi,
akavaa miwani, akaanza sura ya kwanza.
Yeremia alipofariki alituachia madeni na ufunguo.
Damari aliuza kanda stesheni, Muheza, Korogwe,
kikapu kichwani, risiti kifuani.
Alimfukuza kazi kaka yake kwa betri kumi na mbili,
kisha akamlisha yeye na wanawe miaka tisa.
Uongozi, kama mnautafuta, andikeni hapo.

Wa tatu, Amosi Singano, yupo hai na atayasoma haya.
Alileta kompyuta. Alisema: "Safisha. Ondoa kelele zote."
Nikaondoa. Usiku hadi usiku:
mvua juu ya bati, kikohozi, Honda, sahani,
kila kimya cha kidole kilichoinuliwa.
Nilivitupia kwenye faili niliyoiita Takataka
ila mkono wangu ukakataa kuifuta.
Neno likabaki peke yake, limesuguliwa, linang'aa.

Ndipo akapiga simu Bi Yunisi wa Magoroto,
asiyeona tangu utotoni, mteja wetu wa siku nyingi.
"Huyu mliyemleta ni nani? Mbona hapumui?
Nirudishieni yule wa kikohozi.
Mvua yake ilikuwa ikinyesha na kwangu pia."

Singano hakubisha. Alivaa visikilizio,
akafungua Takataka, akaketi hadi jogoo wa pili.
Asubuhi macho yalikuwa mekundu. Alisema, "Rudisha,"
na baadaye, kwa sauti ndogo, "vinavyorudishika."
Vingine vilikwishaota ukungu. Ruthu hatuna tena.

Basi picha tatu hizi hapa, zibandikeni.
Wale wa njia ya Emau mioyo iliwawaka
masikioni kwanza, macho yakafuata jioni;
kwa hiyo kabla ya hotuba na keki
nitawachezea sekunde arobaini tu.
Msidhani mtambo umeharibika.
Kiti kinalia. Mtu anameza mate.
Kwa mbali Mwalimu anamalizia mwito wake.
Karatasi inageuzwa taratibu, isiguse maikrofoni.
Halafu yeye, karibu mno, kama yu nyuma ya sikio lako:
"Haya, Damari. Tangu mwanzo wa aya."